Vestina na Salamu Zilizokatika Njiani

Kasulu wananijua kwa mambo mawili: naendesha gari vizuri kuliko mtu yeyote wa nyanda hizi, na ni mjomba wa Vestina. La kwanza wapo wanaolibishia, hasa madereva wenye wivu. La pili hawana la kufanya, maana pua ya Vestina ni ya dada yangu, na pua ya dada yangu ni yangu mimi Pasikali.

Namwandika huyu mtoto kwa sababu watu wa kwetu tukitaka kumsifu mtu tunangoja afe kwanza. Vestina hajafa. Yupo, anakula samaki wa migebuka na ugali wa muhogo, ananinunia nikimwita mtoto mbele za watu. Msomeni angali hai.

Ukoo wetu ulivuka kutoka Burundi zamani. Tumelima hapa, tumezaa hapa, na siku hizi tuna uraia na ubishi wa mpira kama Mtanzania yeyote. Mimi niliishia darasa la tano. Sikufeli, la sita lilikuwa ng'ambo ya kijito na mimi maji ya asubuhi sikuyapenda. Vestina yeye alivuka vijito vyote. Tangu mdogo alikuwa mtoto wa kukutazama kimya mpaka unaanza kujitilia shaka mwenyewe. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi, akaajiriwa na shirika moja la misaada pale Kasulu, ambalo silitaji jina kwa kuwa mimi ni dereva wao na bado nalala kwa amani kwenye gari lao.

Kazi yake ilikuwa mtandao. Ofisi ya Kasulu ilizungumza na kambi ya Nyarugusu, na mwaka 2015, kambi ya Nduta kule Kibondo ilipofunguliwa upya kwa ajili ya wakimbizi Warundi, ikazungumza na Kibondo pia. Kila anayefika Nduta anaandikishwa, picha yake na alama za vidole zinarushwa kwa dishi hadi Kasulu. Na pale Kasulu, kwenye chumba kidogo chenye feni, kulikuwa na kisanduku cheusi ambacho kila kitu lazima kipitie. Wao wanakiita fayawoli. Ni mlinzi wa geti: anakagua kinachoingia, kibaya anakifukuza, kizuri anakipisha. Vestina ndiye aliyekilea.

Sasa mvua za mwaka ule zilipoanza, kile kisanduku kikaanza kufa.

Siyo kuharibika, ndugu zangu. Kufa. Taa zinawaka, feni inazunguka, ila hakipishi kitu. Ukikizima na kukiwasha kinaamka kama hakijafanya lolote. Kesho kutwa kinakufa tena. Wakati huo kule Nduta watu wamepanga foleni, mama ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na mwandikishaji anamwambia asubiri, mtandao hakuna.

"Vestina, mwanangu, kisanduku chako kimelala tena," alisema Kudra. Huyu ni mwanamke wa Pangani aliyepokea majina pale Kasulu, mwenye ulimi wa kunyolea ndevu.

"Hakijalala, dada Kudra. Kimekufa."

"Basi kifufue, au tukisomee yasini tujue moja."

Kudra alitania. Wengine hawakutania. Walianza kusema pembeni kwamba huyu binti ana ndugu zake kule Nduta, nani ajuaye anachezea nini. Mkuu wa ofisi, Cleophas, mtu wa kunyoosha shati na maneno, akamwita. Mimi nilikuwa nimeleta barua, nikachelewa kutoka kwa makusudi.

"Nimewaandikia Dar," Cleophas alisema. "Mwisho wa mwezi wanaleta mtu. Kisanduku kikitulia kabla hajafika, utabaki. Kisipotulia, tutaagana kwa heshima."

"Sawa, bosi," alijibu Vestina.

Nje nilimkuta amesimama kwenye kivuli cha gari langu.

"Usilie," nikamwambia. "Ukifukuzwa nitakufundisha udereva. Kipaji unacho, umetoka ukoo wangu."

"Silii, mjomba. Nawaza. Nikitolewa hapa hawatasema kazi ilimshinda. Watasema damu yake. Na anayekuja baada yangu kutoka kwetu, hilo litamtangulia mlangoni."

Nikamfungulia mlango wa gari akae, bila mzaha wowote. Andikeni hiyo siku, ni nadra.

Akabadilisha nyaya. Akabadilisha umeme. Akakipuliza vumbi, akakihamisha meza. Kikafa. Mwezi ukawa unakwisha na yeye anazidi kukonda.

Hapa ndipo mimi ninapoingia, na ningeomba nisikatizwe.

Asubuhi moja natoka Kibondo, gari limejaa tope hadi kwenye vioo. Nafika getini Kasulu nakuta msongamano. Mlinzi wa geti letu ni Bazilio, Muha wa Waha, na inabidi niwaeleze wageni kuhusu salamu ya Muha. Hiyo siyo "mambo" na "poa". Unapiga viganja taratibu, unainama kidogo, unasema "mwakeye," unajibiwa, unaulizwa nyumbani, unaulizwa watoto, unaulizwa shamba, unaulizwa uliowaacha huko ulikotoka, kila swali na jibu lake. Na iliyoanza haikatwi. Kumpa mtu kisogo salamu ikiwa njiani ni kumwambia hana ukoo. Cleophas alishamsihi Bazilio afupishe. Bazilio alimjibu kwa heshima sana kwamba geti ni la shirika ila mdomo ni wa baba yake.

Basi asubuhi hiyo dereva mmoja mgeni, Tamimu, kijana wa Tabora, alikuwa ameanza salamu na Bazilio, wamefika kwenye watoto, simu yake ikalia. Akageuka, akaenda kuongea chini ya mikaratusi. Bazilio akabaki amesimama, viganja nusu, geti limefungwa. Nyuma kuna lori la unga, pikipiki, akina mama wa usafi, na mimi. Nikapiga honi.

"Pasikali, umelelewa wapi?" Bazilio akanigeukia. "Huoni mtu yuko katikati?"

"Yuko katikati ya simu, siyo ya salamu."

"Atarudi."

"Na asiporudi?"

"Atarudi."

Mwenye pikipiki naye akajipenyeza, akaanza salamu yake ili apite, akafika kwenye swali la shamba, akakumbuka kitu, akarudi kwenye pikipiki yake kutafuta. Sasa Bazilio ana salamu mbili zinaning'inia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba mayai pande zote.

Vestina alikuwa dirishani. Nikamwona anatoka, kandambili miguuni, anakuja mbiombio.

"Baba Bazilio, wakija wengine wakaanza, nao wakakatika vilevile?"

"Nawangoja wote."

"Mpaka lini?"

"Binti yangu, salamu ina lini?"

"Na walioko nyuma, waliokuja vizuri?"

"Wa nyuma ni wa nyuma."

Vestina akageuka. Akaniangalia. Akaliangalia gari langu, magurudumu, milango, tope lote lile jekundu. Juu yetu jua la Kasulu linachoma.

"Mjomba, hii mvua umeikuta wapi?"

"Kibondo. Imenyesha tangu jana, ila kufika Makere njiani nimekuta pakavu. Mwingine angekwama pale kwenye kona, mimi—"

"Na juzi ile ulipokuja na tope?"

"Kibondo pia."

"Na kabla ya hapo, siku uliyovunja kioo cha pembeni?"

"Hicho kioo kilijivunja. Ila mvua ilikuwa Kibondo."

"Siku zote hizo kisanduku kilikufa," akasema. "Hapa hapana tone, huko inanyesha, na kinachokufa ni cha hapa." Akakimbia ndani, kandambili moja ikabaki kwangu. Nilimpelekea, lakini hakuwa tena mtu wa kuvaa viatu.

Nitawaeleza kama alivyonieleza, na nimeelewa mimi, kwa hiyo hamna kisingizio. Picha ya mtu ni mzigo mkubwa, haipiti kwenye dishi nzima nzima. Inakatwa vipande, kila kipande kinasema mimi ni wa kwanza, ndugu zangu wako nyuma. Fayawoli anakishika cha kwanza, anawangoja ndugu zake wafike, anawaunganisha, anakagua, anapisha. Mvua ikinyesha Kibondo, vipande vinapotea angani. Wa kwanza anafika, ndugu hawafiki kamwe. Mlinzi mwenye akili angengoja kidogo kisha akatupa. Huyu wa kwetu waliomtengeneza walisahau kumwambia atupe. Akawa anashika nusu hii, na nusu ile, na nyingine, mpaka mikono imejaa. Mikono ikijaa hampokei yeyote, hata aliyekuja mzima.

"Bazilio kabisa," nikasema.

"Tofauti ni kwamba Bazilio akichoka anakaa," alisema Vestina. "Na kuna baya zaidi, mjomba. Haihitaji mvua. Mtu yeyote mwenye nia mbaya, popote alipo, akijua hili anaweza kutuma nusu tupu kwa makusudi. Hana haja ya kuvunja mlango wala kuiba funguo. Anabisha hodi na kunyamaza, anabisha na kunyamaza, na sisi wote tunafungiwa nje. Na vile visanduku viko kwenye ofisi nyingi, siyo hapa tu."

Macho yake yalikuwa yanawaka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemshika kicheche mwizi wa kuku mkiani.

Akaenda kwa Cleophas. Mara hii hakusema "sawa, bosi."

"Naomba ruhusa ya kuua mtandao."

Cleophas akaweka kalamu chini. "Ambao tumekuwa tukikulipa ili uishi?"

"Leo kumekauka Kibondo na kumekauka hapa. Umeme upo. Nduta wamemaliza kuandikisha kwa leo, wanaweza kututumia tena majina ya jana kwa majaribio. Nikiweza kukiua kwa laptopu hii moja, bila kukigusa, utajua kwamba ugonjwa uko ndani yake, na siyo kwangu."

"Na ukishindwa?"

"Usingoje mwisho wa mwezi."

Loo, ofisi nzima ikajaa kwenye kile chumba. Bazilio aliacha geti, jambo ambalo sijaliona tena. Kudra akashika simu sikioni, upande wa pili mwandikishaji wa Nduta anamsomea kila jina linalopita. Vestina akakaa kwenye kiti cha plastiki mbali na kisanduku, akaandika mistari yake, akabonyeza.

"Linapita," alisema Kudra. "Linapita. Hili nalo limepita."

Jasho likanitoka mimi, ambaye nimewahi kuendesha bila breki kuteremka mlima.

"Limepita," Kudra akasema, sasa kwa huruma. "Mwanangu, yanapita tu."

"Mikono yake bado haijajaa," Vestina alijibu. Hakuinua kichwa.

"Limepi..." Kudra akakatisha. Akakandamiza simu sikioni. "Anasema kwake kiduara kinazunguka tu kwenye skrini. Anasema hakuna. Cleophas, Nduta wamepotea."

Sijapata kuona watu wakishangilia mtandao kukatika. Tulipigana mabega. Bazilio alipiga viganja salamu nzima, mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemkatiza. Cleophas mwenyewe alijaribu kompyuta yake, akajaribu ya Kudra, akarudi na shati limetoka kwenye suruali.

"Tunafanyaje?" akauliza. Alikuwa anamwuliza Vestina.

Vestina aliwaandikia waliokitengeneza, huko ng'ambo, akawaonyesha zile nusu moja moja. Aliniambia nisimwambie mtu nje ya ofisi kabla hawajapata dawa, kwa sababu ugonjwa wa namna hii ukitangazwa kabla ya dawa ni kuwaelekeza wezi. Mimi kunyamaza! Nilivimba midomo. Mwanzo walimjibu kwamba labda nyaya zake ni mbovu. Akawatumia ushahidi mwingine. Wakajaribu kwao, kisha wakaandika kwa adabu nyingine kabisa: ni kweli, wamejionea wenyewe, wanamshukuru. Wakatuma kiraka cha programu, nacho kilikuwa kitu kidogo tu: kumfundisha mlinzi kungoja kiasi, kisha kuachia.

Alikiweka. Lakini kiraka hujulikana kwenye mvua, na yule mtu wa Dar alishakatiwa tiketi.

Nilijitolea. Nikaendesha hadi Kibondo, nikaingia Nduta, nikasimama nje ya hema la kuandikisha na simu mkononi, natazama mawingu kama mkulima. Yakaja meusi kutoka upande wa Burundi. Tone la kwanza likanipiga pajini.

"Imeanza," nikasema simuni.

"Kubwa?" aliuliza Vestina.

"Inakua."

Ikamwagika, ndugu zangu. Hema likavuma, foleni ikasogea ndani, mama mmoja akafunika mtoto kwa kanga. Zamani, kwenye mvua ya nusu ya ile, kisanduku kingekuwa kimeshakufa. Mwandikishaji akapiga picha ya yule mama, akatuma, akangoja. Picha ikasitasita, ikarudiwa, ikaenda.

"Nimeipata," sauti ya Kudra ikasikika nyuma huko Kasulu. "Mama na mtoto. Leteni mwingine."

Wakaleta mwingine. Na mwingine. Mvua ikapiga, majina yakapita, polepole lakini yanapita. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa na sauti ya Cleophas, anaongea na Dar kwa simu yake, akiwa palepale mbele ya mpwa wangu.

"Huyo mtu mpelekeni kituo kingine," alikuwa anasema. "Hapa pana mwenyewe. Ndiyo. Vestina. Andika vizuri jina lake, na jina la baba yake pia."

Kisha nikamsikia Vestina anapenga kamasi. Nilijua amegeuza uso asionwe.

"Mjomba," akasema, "bado uko nje? Ingia ndani, utapata homa."

Sikuingia. Nilikuwa nataka inyeshe zaidi.