Hapa Alilala Mpagazi

Mimi ni Mnyakyusa, na kwetu mke hamwangalii baba mkwe. Ukimwona anakuja, unaacha njia unaingia majanini mpaka apite. Nikaolewa Uheheni, kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, nikakuta baba mkwe mwenyewe ni lundo la mawe. Kila mpita njia aliokota jiwe akaliweka pale, akasema maneno yake mawili, akaendelea na safari. Mimi nilizunguka kwa nyuma, shambani, na mtungi wa maji kichwani. Mawifi wa ukoo walinicheka mpaka wakachoka. "Atakuonea wapi, na mawe yote hayo?" Niliwaambia waniache na mila zangu.

Baba mkwe alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani, akaacha mke kijana na mtoto mgongoni, ambaye ndiye mume wangu. Hakurudi. Mpagazi mwenzake ndiye aliyemleta mama mkwe hapo barabarani, akamwonyesha mahali. Mama mkwe akahamia, akajenga jirani na lundo, na hakuolewa tena. Miaka ya baadaye mwalimu wa misheni alipigilia kibao: HAPA ALILALA MPAGAZI WA VITA.

Miaka ya hamsini serikali ikaanza kupanua barabara. Tulilisikia katapila muda mrefu kabla ya kuliona, likinguruma nyuma ya kilima, na kila asubuhi mngurumo ulikuwa umesogea. Mume wangu alikuwa Mufindi kwenye chai. Nyumbani tulibaki wanawake wawili na kuku. Ndipo mnyapara wa barabara akaja na vigingi vyake, mtu wa pwani, Kiswahili chake laini kama mlenda. Akapiga kigingi kimoja huku na kingine kule, na lundo likawa katikati.

Mama mkwe akatoka, akapokea shikamoo yake, akamwambia hapo hapapiti mashine, ni kaburi.

Mnyapara akasoma kibao, akatikisa kichwa. "Bibi, mbona kibao chasema alilala? Hapa palikuwa kambi tu. Mtu akilala huamka, akaenda zake."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane. Nikamtazama mama mkwe, nikaufunga. Uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Mnyapara naye akaona kuna jambo, akapunguza sauti. Alisema kesho vibarua watafukua. Mifupa ikionekana, barabara itapinda kidogo. Isipoonekana, katapila litapita.

Nilidhani mama mkwe anaogopa mizimu. Nikamfuata jikoni, nikamwambia wacha wafukue, mifupa ikionekana si ndiyo nafuu yetu? Alikuwa anachambua maharage. Alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu.

"Yule mwenzake hakuwa Mhehe," akasema. "Alinieleza kwa Kiswahili, na Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu. Alisema, tulimwacha amelala kando ya njia. Nikalia palepale. Sikumuuliza kama amekufa au amesinzia. Mawe niliyakuta tayari, sijui aliyaweka nani."

"Mama, wapagazi wangapi walikwisha njiani."

"Na wengine walitoroka. Wakaoa huko Usangu, wakazaa." Akaacha maharage. "Siku nyingine nimemwekea jiwe. Siku nyingine nimempiga nalo. Kama hayumo, mwanangu, basi aliamka, na hakutaka kurudi kwangu."

Nikainama, nikaanza kuokota maharage mazima aliyoyatupa. Ugali wa jioni ile hakuna aliyeugusa.

Kesho yake vibarua wakaanza kuondoa mawe. Tuliketi mbali, migongo tumewapa, yeye kwa woga, mimi kwa mila. Mawe yaligongana, yakagongana, kisha yakaisha. Tukasikia majembe kwenye udongo, na hayo ndiyo yaliyonitoa jasho, maana yaliendelea tu. Kibarua mmoja akacheka, mnyapara akamkaripia. Halafu majembe yakanyamaza.

"Bibi," mnyapara akaita. "Njoo uone."

Hakusema kuna nini. Ningempiga kofi mtu yule.

Mama mkwe akanishika mkono. "Nenda wewe uniangalizie."

"Siwezi, mama. Ni baba mkwe."

Akanigeukia. "Kwa hiyo wewe unaamini yumo?"

"Nimemkwepa tangu niolewe, miguu imeniisha kwa visiki vya shamba lako, halafu leo asiwemo? Yumo. Nenda ukamwone mumeo."

Nilisema kwa ukali kwa sababu nami nilikuwa naogopa. Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri kama anayekwenda kanisani, akaenda. Mimi nikabaki nimeyakodolea macho mahindi, masikio yote nyuma.

Kisha nikamsikia mnyapara. "Kuna bangili ya waya wa shaba, bibi. Ipo mkononi mwake."

"Naijua," mama mkwe akasema. "Niliisokota mimi."

Nilingoja yowe. Kwetu na kwao pia, mwanamke mahali kama pale hulia mpaka kijiji cha pili wajue. Nilishajiandaa kumpokea kilio, nimeshavuta pumzi. Hakulia. Nilisikia akipiga magoti kwenye udongo ule uliofukuliwa, na sauti yake ikatoka chini chini, mbele ya vibarua wote.

"Asante, Mungu," akasema. "Asante. Alikufa."