Jiji Lisilofaa Binadamu

Bi Masjala alihamishiwa makao makuu ya wizara ya afya baada ya miaka kumi na tisa ya kutunza mafaili wilayani, na siku ya kwanza tu akalikunjia pua jiji zima. Jiji gani hilo ambalo unamwamkia mtu kwenye ngazi, naye anakutazama kana kwamba umemkanyaga? Alipanga chumba ghorofa ya tatu. Maji yalipanda mpaka ya pili, yakachoka. Jirani wa kulia alikaanga samaki mlango wazi, harufu itoke kwake ikakae kwa wenzake. Wa kushoto alikuwa na kengele mlangoni, nayo hata siku moja haikulia, kwa sababu nani amtembelee?

Ofisini ndiko kulikommaliza. Jengo lote vioo, la kumeremeta kwa wapita njia, na ndani joto la kuivisha mikate. Mlangoni mwa lifti palibandikwa karatasi kuwa mafundi wako kazini, na karatasi yenyewe ilikwishageuka rangi ya chai. Karani mwenzake alifika asubuhi, akalitundika koti kwenye kiti, akaondoka mpaka saa nane. Akija mtu kumuulizia, anaambiwa yupo, kwani hulioni koti lake? Bi Masjala akambandika jina la Koti. Alisema afadhali hata lile koti, maana lilikaa kazini na halikupiga soga.

Na masjala yao! Wilayani, faili likitoka rafuni, mahali pake panabaki kadi: limekwenda kwa nani, siku gani. Hapa faili lilitafutwa kwa koo. Karani alisimama ukumbini akaita namba kama dalali wa mnadani, na aliyekuwa nalo akijisikia kuitika, aliitika. Watu wenye shahada ukutani, hao. Debe tupu, alisema Bi Masjala, na hakusema kwa kunong'ona.

Alivumilia kwa jambo moja tu. Mumewe, muuguzi katika hospitali ya wilaya, aliomba uhamisho amfuate, na ombi lilitumwa mwezi ule ule aliohama yeye. Sasa ulikuwa mwezi wa nane, jibu hakuna. Watoto wao walikwisha kuwa na nyumba zao, kwa hiyo mume alikula peke yake kule na mke alikula peke yake huku. Bi Masjala hakuwa na shaka juu ya mkosaji. Wajinga hawa wamelipoteza faili.

Kila Jumapili alasiri alimpigia mumewe simu, na mazungumzo yote yalikuwa kulisema jiji. Alianza na maji. Jumapili ya pili akatia chumvi, ya tatu akamwaga kopo zima. Alisema hapa mtu akifa kwenye ngazi, wenzake wanamruka wanakwenda kununua mkate. Hakuna aliyekufa kwenye ngazi, lakini wangemruka, alikuwa na hakika. Mwanzoni mumewe alicheka. Baadaye akawa anasikiliza tu, na mwisho anasema, "Pole, mama watoto."

Bi Masjala akaamua kuwafunza kazi. Akakata kadi, akaanza rafu moja moja, hata Koti akaja kutazama, akasema dada huyu atajiua bure. Siku ya kumi na moja alifika kwenye mafaili ya wauguzi waombao uhamisho. La mumewe alilikuta mahali pake hasa. Karatasi zote zilikuwa na namba, uzi umefungwa vizuri, hakuna kilichopungua. Aliona kama ametukanwa.

Juu kabisa palikuwa na barua kwa mwandiko anaoujua, ule unaolalia kushoto. "Naomba kuondoa ombi langu la uhamisho. Kwa maelezo ya mke wangu aliyeko huko, makazi ya jiji hayafai kwa binadamu. Natarajia yeye ndiye atakayerudi." Chini yake mkubwa mmoja alikwisha kuandika: imekubaliwa, asiombe tena kabla ya miaka miwili kupita. Barua ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Bi Masjala aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

Hakungoja Jumapili. Alitoka kwenye korido, akasimama karibu na dirisha, akampigia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mumewe alijibu kwa upole kwamba alikuwa anangoja yeye atamke kuwa anarudi. Kila simu ikilia alidhani ndiyo leo. Mtu hasemi mahali namna ile kama ana nia ya kuishi hapo, alisema. Bi Masjala akamweleza kwamba hawezi kurudi, kiti chake cha wilayani kilijazwa tangu mwezi wa pili. Mumewe akashangaa. Hilo hakuwahi kuambiwa. Alijua habari za samaki, za kengele na za koti, lakini za kiti hakuzijua.

"Sasa ungetaka nije kufuata nini huko," akauliza, "kwenye jiji la namna hiyo?"

Bi Masjala alilipekua jiji kichwani, mtaa kwa mtaa, chumba kwa chumba, apate sifa moja tu ya kumpa. Hakuipata. Kama ilikuwapo, alikwisha kuiua mwenyewe kwa ulimi wake.

"Mimi," akasema. "Ungekuja kunifuata mimi."

"Hilo," mumewe akasema, "hukulitaja hata Jumapili moja."