Udongo wa Kaburi la Festo

Usiku ule nililala mapema, katika nyumba niliyoijenga kwa jasho langu hapa Mbinga, vigae chini, maji ndani. Kukicha, Mama Festo angezika udongo wa kaburi la mwanawe.

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi ughaibuni, katika ubalozi wetu mdogo. Nilianza kwa kufagia, nikasoma jioni hadi nikapata diploma, nikawa karani. Nilikabidhiwa kanisa la Watanzania wa mji ule pamoja na safu yetu ya makaburi: funguo, daftari, kila jina na namba yake. Si kila mtu hukabidhiwa wafu wa nchi. Festo, fundi seremala na rafiki yangu, alizikwa pale. Mwili haukuweza kusafirishwa, kwa hiyo mama yake aliomba nikirudi nimletee udongo wa kaburi lake, auzike nyumbani kwa misa, kama tufanyavyo kwetu. Niliuleta katika kopo la majani ya chai, muhuri wa ubalozi juu yake. Watu walinipa mkono.

Basi usingizini nikajiona kule kanisani. Mabenchi yalikuwa yale yale aliyoyachonga Festo, lakini sakafu ilikuwa ya vigae vyangu. Nafungua daftari nisome majina; kurasa zimelowa. Mlango wa nyuma unafunguka wenyewe. Nje ni safu yetu, theluji juu ya misalaba, na kila marehemu amesimama kwenye namba yake, ananitazama. Kwa baridi ile, mvuke unatoka mdomoni mwangu tu.

Festo akaingia, akakaa benchi la mbele. Koti lake limefungwa vifungo vyote, kama tulivyomvalisha.

"Mheshimiwa karani," akasema, na kile kicheko chake cha kunikejeli. "Naona umenenepa."

"Nimejenga, bwana. Na wewe nimekurudisha nyumbani."

"Mimi?" Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Mbona bado nina baridi?"

Siku ya kuondoka kule niliamka nimechelewa, geti la makaburi lilikuwa limeganda kwa barafu, nami nilikuwa nimevaa viatu vipya vya safari. Nikachota udongo kwenye chungu cha maua, pale dirishani kanisani. Nikaupigia muhuri mwenyewe. Sikumwambia mtu.

Sasa tuko Mbinga, sijui tumefikaje. Mama Festo amepiga magoti kando ya shimo dogo, amelikumbatia kopo. "Karibu nyumbani, baba," analiambia. Kifuniko kinainuka taratibu. Ua jekundu linachomoza, lile la dirishani, na mama analipapasa kama kichwa cha mtoto. Festo yuko nyuma yake, karibu kabisa, anamwita. Midomo inacheza, sauti haitoki. Ananigeukia.

"Anazungumza na nani yule?"

"Na wewe, Festo."

"Mimi simsikii. Mwambie kabla hajafukia."

"Nitaaibika. Kijiji kizima kitakuwepo."

Hakucheka tena. "Wewe utaaibika asubuhi moja," akasema. Theluji ikaanza kumwangukia, yeye peke yake, pale pale kwenye jua la Mbinga, hadi sikuona tena uso wake.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na meno yangu yalikuwa yakigongana. Nikavaa kandambili, nikaenda kwa Mama Festo. Nilimkuta akifagia uwanja, tayari amevaa khanga nyeusi.

"Mheshimiwa, mapema hivi? Hata chai sijainjika."

"Mama, kopo lile lisizikwe. Festo hayumo."

Ufagio ukasimama. "Yuko wapi basi mwanangu?"

"Bado yuko kule, mama," nikasema. "Mimi sikufika kaburini kwake."