Asante kwa Ulezi Uliovunda

Mimi ni mtu wa kinyaa na sijapona hadi leo. Sinywi maji kwa mtu kabla sijachungulia kikombe, na nikikaribishwa ugali jicho langu hutangulia mkono. Mama yangu hakuwa hivyo. Aliweza kumtoa inzi kwenye mchuzi kwa ncha ya kidole, akaendelea kula, akamshukuru Mungu. Ubaya ni kwamba hakumshukuru kimoyomoyo.

Sala yake ya chakula haikufanana na ya mtu yeyote niliyemfahamu Ufipa. Wenzake walisema utubarikie chakula hiki, wakafanya ishara ya msalaba, wakala. Mama alikitaja chakula kama kilivyo, mbele ya Mungu na mbele yetu. Asante kwa dagaa hawa wa Kirando, wana mchanga na wengine wameanza kunuka. Asante kwa maharage haya, yametobolewa na wadudu, na wadudu wenyewe nadhani wamo. Alipofika kwenye amina mate yalikuwa yamenikauka, nami nilimega tonge nimefumba macho. Baba alikuwa mtu mpole asiyependa aibu. Siku moja alimwomba, kwa heshima kabisa, kwamba walau wageni wakiwepo asali kama watu wengine.

"Mungu si mgeni," mama akamwambia. "Mgeni ndiye anayefunikiwa chungu."

Siku hizi kanisani nasikia watu wakishukuru kwa maneno yaliyopigwa pasi. Kila kitu ni chema, kila mtu amebarikiwa, na jirani yake anajua kwamba usiku wa kuamkia hapo nyumbani kwake hawakulala kwa ugomvi. Hapo ndipo ninapolikumbuka kapu la mama la ulezi.

Ulikuwa mwaka wa kuhamishwa. Tuliambiwa tutoke kijiji chetu cha zamani, kule kwenye mteremko, tukakae pamoja na watu wa vijiji vingine viwili kando ya barabara ya Sumbawanga, ili tupate shule, zahanati na bomba. Siwezi kusema bomba halikuja. Lilikuja nilipokuwa nimeshaolewa. Lori lilifika asubuhi watu wakiwa bado wanaota moto. Mgambo walipanda juu ya nyumba wakang'oa nyasi za paa ili mtu asipate sababu ya kurudi, na walipofika kwenye vihenge vya ulezi hawakubagua, navyo wakavivua kofia zake za nyasi. Tuliruhusiwa kupakia mikeka, vyungu na kuku. Ulezi, walisema, ungefuatwa na lori safari ya pili.

Safari ya pili ilichelewa. Mvua haikuchelewa.

Sisi Wafipa hatuogopi kitu kilichooza. Kilimo chetu chenyewe ni cha kuozesha: nyasi hulazwa chini, udongo hugeuzwa juu yake ukawa tuta la duara, tunaliita ntumba, na humo ndani nyasi zinavunda mpaka ziwe chakula cha mbegu. Nimefukua ntumba tangu nilipoweza kushika jembe, na ile harufu yake naichukia mpaka kesho. Lakini nyasi ni nyasi. Ulezi huwa hauozi. Bibi zetu waliuweka kihengeni miaka na miaka, ukatolewa ukiwa mzima kama ulioingizwa jana. Kwa hiyo tulipochoka kulisubiri lori, tukaufuata kwa miguu na kuukuta mweusi, umeshikana mabonge, umeota manyoya ya kijivu kama panya mfu, watu wazima waliyavunja mabonge wakitafuta punje nzima. Mimi nilitapika kwenye kizingiti cha nyumba niliyozaliwa. Mama aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa, akasema umeoza. Kisha akaanza kuujaza kapuni.

Kanisa la kijiji kipya lilikuwa banda la nyasi lisilo na ukuta upande mmoja. Katekista, ambaye tulimwita mwalimu, alitoka kijiji chetu cha zamani, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni, na hakuna neno alilolipenda kama shukrani. Alilitamka taratibu, kama anayelamba asali. Alitangaza kwamba Jumapili ya mavuno, ambayo ilikuwa imetupita kwa sababu ya kuhama, ingefanyika kabla ya kupanda. Kila nyumba ilete kapu la ulezi, padri aje kuyabariki makapu hayo, kisha kila nyumba ichukue konzi moja ya ulezi uliobarikiwa ikachanganye na mbegu zake.

Hilo lilikuwa jambo kubwa. Nyumba iliyokosa konzi ile haikualikwa kwenye kazi za kulimiana, maana watu waliogopa nuksi yake isije ikawafuata mashambani. Na kwenye ardhi ile mpya, ngumu, isiyo na ntumba hata moja, nyumba ya watu watatu bila mikono ya majirani isingelima cha kutosha kula. Kukosa konzi ilikuwa ni kukosa chakula. Lakini, aliongeza katekista, Mungu hapewi uchafu. Atakayeleta ulezi mbovu kapu lake halitaingia, kwani viongozi wa chama nao wangekuwepo, na tusingependa waone kijiji kipya kikinung'unika.

Hapakuwa na mtu mwenye ulezi mzuri, maana vihenge vya vijiji vyote vitatu vilinyeshewa. Kila mtu alijua kwamba hapakuwa na mtu.

Kilichofuata kilinichefua kuliko ule ukungu. Wiki ile wanaume walianza kwenda Sumbawanga mjini, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja na kuku kwapani. Baba naye akaenda. Alirudi na bakuli moja la ulezi safi, mwekundu, mkavu, amelifunga kwenye kitambaa. Alituambia kwamba mwenye duka, mzee wa Kiislamu ambaye siku zote tulinunua chumvi na kaniki kwake, alimuuliza kwa utani Wakatoliki wamepatwa na nini, kila mmoja anabadilisha kuku mzima kwa ulezi usioshibisha mtoto. Mpango wenyewe ulikuwa ule wa wadanganyifu wa sokoni: ulezi mbovu chini, ulezi safi juu, kapu linapendeza. Sokoni mtu akikamatwa kwa jambo hilo alizomewa mpaka barabarani. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinajiandaa kumfanyia Mungu vivyo hivyo, na jioni walikuwa wakisalimiana kwa uso mkavu.

Mama alilitazama bakuli, akamshukuru baba kwa kutembea mbali namna ile. Halafu akalifunga upya kitambaa chake na kulining'iniza juu ya jiko, mahali pa mbegu.

"Huu ni wa kupanda," alisema. "Wa kapu umo kapuni."

Baba alimsihi. Alimwambia watatutenga, na mama akasema anajua. Alimwambia Mungu huona moyo, hana haja ya kuona ukungu, na mama akasema basi na ukungu ataona. Pamoja na kuchefuka kwangu, nilikuwa upande wa baba kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kapu zuri. Nilimwona mama ni mkaidi tu, mtu anayepata raha kuwaonyesha watu kidonda.

Jumapili makapu yalipangwa mlangoni yakaguliwe. Katekista alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika, na hakuingiza kidole kwenye kapu hata moja. La kwake lilikuwa la kwanza kwenye mstari na lilimeta kuliko yote. Alipofika kwa mama alirudi nyuma akaziba pua. Mama hakuwa amelifunika. Juu mabonge, katikati mabonge, chini mabonge.

"Mama, huu hata kuku hawali. Unamletea nani?"

"Namletea aliyenipa, mwalimu."

"Aliyekupa hakukupa hivi."

"Ndivyo ulivyonifikia."

Akaamuru kapu libaki nje chini ya upenu. Mama naye akabaki nalo. Alisali misa yote kule nje, manyunyu yakimlowesha bega moja, akiitikia kwa sauti mahali pa kuitikia. Baba aliinamisha kichwa. Nyumba yetu ilikuwa imeshatengwa hata kabla ya mahubiri, na niliona wanawake wakiangaliana. Mbele, viongozi wa chama walikaa kwenye viti, na katekista akasoma risala ndefu ya kumshukuru Mungu kwa mavuno mema na kuishukuru serikali kwa usafiri.

Sasa, katika kijiji chetu cha zamani makapu yalibarikiwa yakiwa yamepangwa mstari, na mtu alichota konzi kutoka juu ya kapu lake. Katekista alikuwa ameahidi kwamba tutafuata desturi hiyo, na watu wa vijiji vile viwili wakamwamini. Aliyesahauliwa kuambiwa ni padri. Huyu alikuwa mzee aliyekuja kwa pikipiki, na miaka yote alikuwa akihudumia vijiji vile vingine, ambako ulezi wote ulimwagwa kwenye jamvi moja mbele ya altare, ukabarikiwa fungu moja, ndipo watu wakachota. Kwa hiyo alitandaza jamvi. Alisema sasa ninyi ni kijiji kimoja, akainama, akashika kapu la kwanza na kulipindua.

Ulezi mwekundu ulitoka kwanza, kidogo. Kisha likaanguka bonge jeusi, zima, lenye umbo la kapu, likapasuka, na vumbi la kijivu likapanda mpaka kwenye mishumaa. Padri alipiga chafya. Akapindua kapu la pili, na la tatu, akaendelea hivyo hivyo, na kila kapu lilitema bonge lake. Watu walikohoa. Harufu ilijaa banda, ile harufu ya kitu kilichofichwa, nami nikaziba mdomo kwa khanga. Kiongozi mmoja wa chama alipiga makofi kwa mazoea, akaacha. Nilimwangalia katekista. Alikuwa akiitazama kalamu yake.

Nilimchukia yeye, nikawachukia wote, na baba yangu nikamjumlisha. Wala haukunichukiza ule uongo peke yake. Ulezi ni nafaka ndogo kama mchanga. Ule ulezi safi, ambao ukiondoa bakuli letu ndio uliokuwa mbegu pekee hai kijijini, ulikuwa umepotelea ndani ya uozo na hapakuwa na mtu wa kuuchambua tena.

Padri aliuliza kama makapu yameisha. Bibi mmoja akasema lipo jingine nje. Mama akaingia amelowa, akalimwaga la kwake juu ya yale mengine, weusi juu ya weusi, halafu akasali kwa sauti ile ile ya mezani.

"Bwana, ulezi umeoza. Ulinyeshewa vihenge vikiwa wazi na sisi tuko huku. Hatuna mwingine wa kukuletea. Lakini hakuna aliyekufa njiani, na ardhi hii tumepewa. Asante."

Hakuna aliyeitikia isipokuwa padri. Alisema amina, akanyunyiza maji ya baraka juu ya lile fungu, akawaambia watu waje wachote. Wakaja. Kila nyumba ilichukua konzi yake ya uozo uliobarikiwa, na mama akachukua ya kwetu, na hakuna aliyethubutu kumwambia asichukue.

Ulezi ule mweusi haukuota, na nani alitarajia uote? Ulioota ni wa bakuli la baba. Mvua zikiendelea watu walikuja kwa mama, mmoja mmoja kama walivyokwenda mjini, kuomba mbegu kidogo, na katekista alimtuma mkewe. Mama aliwagawia viganjani. Wakatulimia. Nilitaka awaambie neno moja tu, hata la kejeli, asinene. Hasira zote nilibaki nazo mimi.

Masika yale yale mto tuliochota maji ulichafuka, maana watu wa vijiji vitatu walikuwa wakioga, wakifua na kujisaidia kando yake. Kuhara damu kulipita nyumba hadi nyumba, kukamkuta mama. Mimi ndiye niliyekuwa binti wa pekee, kwa hiyo kumsafisha kulikuwa kwangu. Sitaeleza. Nilimbeba nyuma ya nyumba, nikamvua, nikamwosha kwa maji ya mto ule ule, nimekunja uso wote, napumua kwa mdomo, na mara mbili nilikwenda pembeni nikatapika kisha nikarudi. Aliona. Alikuwa mwepesi kama mtoto na macho yalikuwa yamezama, na tayari jirani mmoja alikuwa amechimbiwa kaburi wiki ile. Nilipomfunga khanga kavu alinishika mkono nisiondoke, kwa sababu alikuwa hajasali.

"Bwana," alisema, "asante kwa maji haya, yana matope. Asante kwa tumbo hili, limeharibika na linanuka. Asante kwa mwanangu huyu. Ana kinyaa, amekunja uso, angependa kuwa mahali pengine popote, na mikono yake iko hapa."

Nikaitikia amina. Uso sikuukunjua, kwa sababu harufu ilikuwa bado ipo, na mama hakuniomba niukunjue.