Mbuzi Aliyemeza Kitovu

Mke wangu simtaji jina. Kwetu aliyetutoka haitwi, asije akageuka njiani. Nitamwita Mama Verlinda, kama nilivyomwita siku zote.

Alizaliwa hapahapa, chini ya milima ya Lukachukai, na bibi yake alizika kitovu chake ndani ya zizi la kondoo. Basi kondoo wakampata. Akienda mjini Chinle kununua unga, jua halijafika utosini ameshaanza kuuliza gari la kurudi. Akilazwa hospitali, anamuuliza daktari kama huko nyumbani kumenyesha. Mimi nilidhani naoa mwanamke. Nilioa zizi, nikahamia kwalo.

Mjukuu wetu Shandiin alizaliwa Phoenix, mji mkubwa wa mbali, kwenye lami. Kitovu kilipodondoka, binti yetu Verlinda akakifunga kwenye kitambaa, akaja nacho, yeye na mumewe Ferlin. Alikuwa na mpango wake.

"Mama, nataka nikakizike pale hospitali ninapofanya kazi. Mtoto aje kuwa daktari."

"Ukikizika hospitali atakuwa mgonjwa."

"Mama, jamani."

"Kitovu hakijui nani daktari nani mgonjwa. Kinajua udongo tu."

"Na huku kuna nini? Kondoo na upepo."

"Mbona umekuja? Umefuata upepo?"

Verlinda akacheka. Kwa mwanamke yule, ukicheka umeshindwa. Akampa kitambaa.

Mama Verlinda hakutaka makubwa. Alitaka mtoto awe na pa kurudi. Ardhi isipopewa kitu cha mtoto, alisema, haimjui, naye atabingirika maisha yake yote kama kichaka kikavu kinachosukumwa na upepo.

Jua lilipochomoza akaingia zizini na sururu. Akatia chavua ya mahindi kwenye kile kitambaa, ile tunayoombea alfajiri, akakiweka juu ya nguzo ya ua ili apate kuchimba. Udongo wa zizi ni mgumu, samadi juu ya samadi tangu enzi za bibi yake. Alipoinua kichwa, Pembe Moja alikuwa anatafuna.

Pembe Moja alikuwa mbuzi jike, bado mdogo, na chavua ni tamu. Ncha ya kitambaa ilionekana mdomoni, halafu haikuonekana.

"Baba Verlinda," akaniita, taratibu kabisa. "Mbuzi amemla mjukuu wako."

Mwenye miguu ya kumfukuza mbuzi alikuwa Ferlin peke yake. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, wala hawasemeshani, macho yataharibika. Ferlin alikuwa na adabu. Kila akifika langoni anakohoa kwanza, mama mkwe ajifunike. Siku hiyo akakohoa. Mama Verlinda akakaa chini katikati ya zizi, akajitupia shali kichwani, akawa kama furushi la sufu.

Mbuzi akawa anamzunguka yeye, na Ferlin anamzunguka mbuzi, uso ameugeuzia milimani.

"Ameshamshika?" likauliza shali.

"Bado," nikasema.

"Mwambie mbuzi hashikwi mkia."

"Ferlin, mama mkwe wako anasema—"

"Nimesikia, baba."

"Mwambie asinijibu. Hatuongei."

"Sikumjibu yeye, baba, nimekujibu wewe."

"Mwambie anaongea sana kwa mtu asiyeongea na mimi."

Mwishowe akamshika, wote wawili wakiwa hoi. Akachomoa kisu. "Baba, mwambie mama tukimpasua sasa hivi tutakipata."

Shali likatikisika.

"Mwambie arudishe kisu. Aliyebeba kitovu cha mjukuu wangu hachinjwi."

"Basi tufanyeje?"

"Mwambie mbuzi ana milango miwili. Akasubiri kwenye ule mwingine."

Ferlin akashinda nyuma ya mbuzi na kopo mkononi. Verlinda alicheka mpaka maziwa yakamtoka. Jioni tukakagua kopo. Hatukuona kitu. Mavi ya mbuzi ni mavi ya mbuzi.

Usidhani Mama Verlinda alicheka. Alikula mchuzi wake, kisha akapitisha sheria. Pembe Moja hauzwi, hachinjwi, na havuki ule mwamba mwekundu unaoishia malisho yetu. Siku akifa, atazikwa zizini, na kitovu pamoja naye. Hadi hapo mbuzi ndiye ardhi.

Tangu hapo alichunga mbuzi mmoja. Kondoo walifuata kama wageni. Verlinda akipiga simu kwamba Shandiin ana homa, mama yake anaweka simu chini, anatoka kumtazama mbuzi. Anarudi. "Alikuwa amenasa kwenye miiba. Nimemtoa. Mpe mtoto maji." Shandiin akihama shule, mbuzi analaumiwa kwa kuruka ua.

Shandiin mwenyewe alikuja kila kiangazi, kisha kiangazi kimojakimoja, kisha akawa na simu yake na marafiki zake. Mama Verlinda alimtazama mbuzi anavyozeeka, akampikia uji wa mahindi ya bluu. Mimi nilikula uliobaki.

Majira ya baridi yaliyopita Mama Verlinda akatutoka. Pembe Moja akabaki.

Mwaka huu theluji ilipoyeyuka, asubuhi moja hakuinuka. Nikapiga simu Phoenix. Verlinda akasema mtoto ana mitihani. Nikasema haya. Nikachukua sururu, nikaiweka chini, nikangoja.

Jumamosi gari lao likaja. Ferlin akashuka, akafika langoni, akakohoa. Hakuna aliyejifunika. Akasimama pale, akaangalia viatu vyake.

Shandiin akampita, akaokota sururu. Msichana mrefu sasa, na mikono ya bibi yake. Baba yake akataka kumpokea sururu, akakataa. Akachimba mwenyewe katikati ya zizi, anahema, na kucha zake zile za rangi. Tukamlaza Pembe Moja shimoni, akaniomba chavua. Nikampa. Akainyunyiza alivyowahi kuona ikinyunyizwa.

Alipomaliza kufukia akasema, "Babu, kitovu changu kimechelewa."

"Hakijachelewa. Kilikuwa kinachunga."

Akacheka. Akajua ameshindwa.

Kondoo walikuwa bado wamefungiwa, wanalia. Akaangalia fimbo ya bibi yake pale ukutani ilipo siku zote.

"Nani anatangulia kutoka?" akauliza.

"Yule mweusi."

Akaichukua fimbo, akafungua lango. Mimi nikaingia ndani kubandika kahawa.