Mguu Niliouombea

Jumamosi iliyopita nilipita uwanja wa shamba la chai, nikawakuta wachezaji wakiupaka mpira mafuta ya kondoo ili ngozi ilainike. Msimu unaanza wiki ijayo. Harufu ile iliponifikia, rafiki yangu, niligeuza njia kama mtu aliyemwona mwalimu wake wa hesabu sokoni.

Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati ule. Sasa nina kumi na sita na bado niko shule, kwa hivyo usidhani unasikiza mzee. Baba alikuwa na duka hapa Boito, na timu yetu haikuwa imewahi kushinda kombe ambalo mameneja Wazungu waliwatolea wafanyakazi wa mashamba. Tulikuwa wabaya hivi: mbuzi walilala mbele ya goli la wapinzani, wakijua hapo hakuna atakayewasumbua.

Halafu akaja mshambuliaji kutoka pande za ziwa, mchuma chai, mguu wa kulia kama mchi. Siku ya mazoezi alipiga mpira ukazama katikati ya michai, tukautafuta mpaka jioni. Mimi nikaanza kuota kombe kabla ya mechi hata moja.

Nilimwomba mzee wa kanisa tuiombee timu. Akasema Mungu hana wakati wa watu wazima wanaofukuza ngozi ya ng'ombe. Basi Jumapili, wakati wa kutaja watu wa kuombewa, nikasimama na uso wa malaika nikasema kuna ndugu kule kambi ya wafanyakazi, huyo mchuma chai mgeni, na mguu wake unahitaji nguvu za Bwana. Sikudanganya, ama? Kanisa likasema amina. Nikaketi nikijiona mjanja kuliko nyoka wa Edeni.

Nilichosahau ni kwamba wamama wetu hawamwombei mgonjwa wakamwacha hapo. Ijumaa, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, cucu, yaani nyanya yangu, aliwaongoza wenzake mpaka kambini wakiimba, uji wa kimera kwa kibuyu, kuku kwapani. Mimi nilibebeshwa kiondo cha viazi. Walimkuta mshambuliaji mlangoni akishona kaptura yake. Wakamlaza kitandani, cucu akaanza kumkanda mguu kwa mafuta moto. Kila aliposema haumwi, walizidi kumhurumia. Mgonjwa mvumilivu, walisema, huwa hivyo.

Nyapara, ambaye ndiye aliyepanga timu, akaja kuona kelele ni ya nini. Mshambuliaji akanitazama. Alinijua, maana hakuna mazoezi niliyokosa.

"Kijana, waambie mguu wangu ni mzima."

Ilikuwa kazi ya neno moja tu. Lakini cucu alikuwa ameinua uso, mikono imejaa mafuta, akiningoja.

"Unamuuma sana," nikasema.

Nyapara akamtoa kwa timu. Kesho yake tukafungwa tano bila. Watu wakaanza kumwita Mgonjwa, na kabla mwezi haujaisha akahamia shamba moja karibu na Kiptere. Huko akafunga magoli mpaka sifa zikatufikia. Cucu alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumponya, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Cucu alituacha mwaka jana. Mazishini nikamwona yule mtu, amevaa koti la kuazima, ametembea kutoka huko kote. Nikajificha nyuma ya wajomba, akanipata. Nilidhani atanizaba kofi.

"Tangu nitoke kwetu," akasema, "ni huyu mama peke yake aliwahi kuja kuniuliza kama naumwa."

Hakujua ni ombi langu la kanisani lililomtuma cucu kwake. Nikafungua mdomo nimwambie. Mimi, ambaye sikosi jibu hata mbele ya hedimasta, nikamwelekeza tu penye chakula.

Wale wamama wengi wamezeeka, wengine wamerudi kwao, na siku hizi mgonjwa wa kambini hutumiwa salamu tu. Timu bado ina matumaini kila msimu ukianza. Na ona, hata leo nimeyaandika haya kwako, si kwake.