Tairi za Mtu Mmoja

Kazi yangu ni kushona viti vya magari, na ukuta wa kibanda changu umepakana na duka la tairi la mwanamke tunayemwita Kipimo. Nasema mapema kabisa: sikuja kumpamba. Kipimo ana kinyongo, tena kinyongo kirefu, akikuwekea jambo moyoni utazeeka nalo. Na katika habari hii mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo mpaka mwisho, na yatokee tena leo, nitafanya vilevile.

Jina hilo alipewa na marehemu mumewe. Mume alikuwa fundi wa tairi, mtu wa vicheko, akaja akanunua gari la spoti la zamani, la viti viwili, lililoinama chini hata paka hawezi kujibanza chini yake. Lilifika likiwa maiti, limevutwa kwa kamba. Wakalifufua wenyewe kila wakifunga duka, mume kwenye injini, mke kwenye kukwangua kutu na kupiga msasa. Lilipotembea, mume akalivisha tairi pana kwa sababu zilipendeza machoni. Akiwa peke yake, gari linateleza. Siku alipompakia mkewe, kona ya kwanza tu tairi zikaanza kula bodi, kwaru, kwaru, na harufu ya mpira ikajaa ndani. Mume akacheka sana, akasema kumbe kaoa gunia la saruji.

Mke hakucheka. Alishuka, akachukua futi, akapima nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi, gari likiwa tupu, likiwa na mtu mmoja, likiwa na wawili. Akamwonyesha mumewe kwamba mtu wa pili akikaa, bodi inashuka, na tairi pana haina pa kwenda. Gari lile lilizaliwa na mia themanini na tano kwa sabini, rimu kumi na tatu. Mume alikuwa amelivisha mia mbili na tano kwa sitini. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo cha ubavu ukilinganisha na huo upana, ya tatu ni ukubwa wa kile chuma cha katikati. Ukiongeza upana bila kuiuliza bodi, itakujibu yenyewe. Wakarudisha za asili, kelele zikakoma, na jina la Kipimo likashika.

Mume alifariki ghafla. Viti vya kukodi vya msibani vilikuwa bado havijarudishwa, shemeji mtu akaja kudai ufunguo. Huyo shemeji ni mdogo wa marehemu, kalelewa na kaka yake, kasomeshwa na kaka yake, hata viatu vya harusi kavalishwa na kaka yake. Kwa kuwa ndiye aliyetumwa kushughulikia karatasi za gari wakati ule, alikuwa ameandikisha kadi kwa jina lake mwenyewe, na kaka mtu kwa upole wake hakuwahi kulivalia njuga. Sasa kadi ikatolewa mfukoni mbele ya watu. Akamwambia mjane, "Wewe ulikuja hapa na begi la nguo. Duka tumekuachia, shukuru." Fadhila ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea. Nilitamani kumchoma na sindano yangu ya ngozi, ile kubwa.

Kipimo alimpa ufunguo. Akasimama akimtazama anavyolirudisha gari nyuma bila hata kuangalia, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, tairi zile zina umri. Zitamrudisha hapa."

Na tairi huzeeka hata kama meno yake bado mazima. Mpira hukauka, ubavu ukaanza kufanya nyufa. Tena saizi ile siku hizi ni ya kutafutwa kwa tochi, maduka mengi hayaiweki. Kipimo alisikia kuna mfanyabiashara anafunga duka lake upande wa pili wa mji, akaenda akanunua nne za saizi hiyo, akazifunga kwa shuka, akaziweka stoo kwenye giza zisipigwe na jua. Kila nikimwona anaingia kuzigeuza, najua kuna mtu anaombewa mabaya humo ndani. Na mimi naitikia amina.

Akaja kweli. Alikuwa amezunguka mji mzima. Duka moja walimfungia tairi ndefu, gari likasimama kama mbuzi aliyepanda jiwe, watu wakalicheka akazirudisha. Sasa kaja kwa Kipimo na sauti ya asali, shemeji huku, shemeji kule. Kumbe amepata mnunuzi, mzee mmoja mnene mwenye kukusanya magari ya zamani, na Jumamosi anakuja kulijaribu. Likipita mikononi mwa yule mzee, gari halirudi tena. Kazi ya miaka ya Kipimo na mumewe ingekwenda kufunikwa turubai kwenye ua wa mtu, na pesa ingekwenda kwa huyu. Hayo alinieleza Kipimo mwenyewe.

Shemeji aliporudi kesho yake, alikuta tairi zimepangwa. Zile nyembamba za stoo zilikuwa na vumbi lake lote. Zile pana, za saizi ileile aliyoipenda marehemu, zilikuwa zimepakwa mafuta zinang'aa, na aliyezipaka ni Kipimo mwenyewe, nilimwona. Kisha akamwambia ukweli mtupu, mimi nikiwa shahidi.

"Hizi nyembamba ndizo za gari hili, shemeji. Hizi pana zitakubeba wewe peke yako. Akikaa mtu wa pili, zitakwaruza."

Yule bwana akavua miwani yake ya jua. "Shemeji, hizo ni tairi za mkokoteni. Mteja anakuja kuona gari, haji kuona baiskeli. Nifungie pana."

"Nimekwambia lakini."

"Umeniambia. Funga."

Sikio la kufa halisikii dawa. Na Kipimo alimjua mtu wake. Aliyasema yale kwa sauti ya kubembeleza ambayo sijawahi kuisikia kwake, maana alijua kubembelezwa na mjane wa kaka yake ndiko kutamjaza upepo. Mkimkataza kitu huyu, ndipo anapokitaka. Basi akazifunga kwa mikono yake mwenyewe, akakaza nati, akajaza upepo sawasawa. Bwana akazunguka mtaa peke yake, akarudi meno nje. Tairi zile zina kimo kidogo kuliko za asili, kwa hiyo mshale wa mwendo unasoma zaidi ya mwendo wenyewe, naye akadhani gari limeongezeka nguvu. Nilicheka mpaka nikajidunga kidole.

Alipoondoka nilimuuliza Kipimo kama hazitapasuka zikaua mtu. Akasema kwa mwendo wa mjini zitapiga kelele na kunuka kwanza, mwenye masikio atasimama. "Sitaki afe," akaniambia. "Akifa ataniponyoka."

Jumamosi mzee mnunuzi alikutana na shemeji na gari mbele ya kibanda changu, maana ni mteja wangu, alitaka nimtazamie viti. Akaingia kwenye usukani, shemeji akakaa pembeni yake, na gari likashuka chini kwa uzito wa wote wawili nikaona kwa macho yangu. Kipimo alikuwa mlangoni kwake anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta na kufuta. Hawakufika mbali. Walipokata kona ya kwanza tukasikia, kwaru, kwaru, halafu moshi mweupe. Mzee akashuka, akainama kwa shida, akapitisha mkono ndani ya bodi akakuta rangi imechunika. Akasema bodi hii imepinda, gari hili limeshagongwa, na hakutaka maelezo. Akaondoka kwa miguu.

Yaliyobaki nilifanya mimi kwa mdomo wangu. Wapenzi wa magari yale ni wachache, wanajuana, na wote viti vyao nashona mimi. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sijui la bodi, ila kelele nilizisikia kwa masikio yangu. Sikuongeza chumvi. Hakuna aliyekwenda kulitazama tena.

Shemeji akarudi kwa Kipimo anataka zile nyembamba. Akaambiwa haziuzwi. Akatafuta kwingine mpaka akachoka, gari likakaa nje ya nyumba yake linanyeshewa, vitoto vinachora matusi kwenye vumbi la kioo. Mwishowe akaja mwenyewe, amenywea, akasema basi nunua wewe. Kipimo akamlipa bei ya chuma chakavu, akamsainisha kadi mbele ya mafundi wote wa mtaa, na hakumpa kiti akae.

Jamaa akamuuliza taratibu, "Shemeji, ulikusudia?"

"Nilikwambia ukweli," Kipimo akasema. "Hukuutaka kwa kuwa ulitoka kwangu."

Roho yangu ikawa kwatu. Siku hiyohiyo tukatoa zile pana, tukafunga za asili, Kipimo akashusha jeki na kupitisha vidole kati ya tairi na bodi, vikapita vyote. Nikapiga makofi, nikamwambia haya washa, tukatembee, mji mzima utuone.

Akautazama usukani. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nililijua siku zote na katika joto la kisasi nikalisahau. Kipimo hajui kuendesha. Aliyekuwa anamwendesha ni mumewe.

Alifungua mlango wa abiria, akakaa upande wake, akafunga mkanda, akaweka mikono mapajani. Mimi pikapu naimudu, nikashika mlango wa dereva nimwambie nitakuendesha.

"Usikae hapo," akasema, bila kunitazama.

Nikamuuliza sasa gari hili ni la nini.

"Yule halikalii tena. Nilitaka hilo, nimelipata." Kisha akaangua kilio, akalia kwa sauti kama siku ile tulipomletea habari kutoka hospitali. Akaja mteja mwenye pancha, nikamwambia arudi kesho. Nikashusha mlango wa duka nusu, nikaenda kushona viti vyangu.